Kiwanja cha watoto kimechimbiwa bikoni: nani mwenye mamlaka ya kukigawa?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mzee. Naishi Dodoma mjini, kwenye mtaa uliopimwa enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa ikiupanga mji. Katikati ya nyumba zetu kuna eneo kubwa la wazi. Watoto wanachezea mpira, na sisi wakubwa tunafanyia hapo mikutano ya mtaa na kuweka maturubai ya misiba. Mwezi uliopita walikuja vijana na vifaa vya kupimia, wakachimbia bikoni nne, zile alama za mipaka ya kiwanja. Mwenyekiti anasema eneo 'limeshabadilishwa matumizi' na kuna mtu kapewa ajenge fremu za maduka. Karatasi yoyote hatujaonyeshwa. Je, ni kweli jiji linaweza kugawa eneo la wazi? Tufanye nini kabla hajamwaga zege? Na tukipanda miti sasa hivi itatusaidia?"

Marahaba, mwanangu.

Eneo la wazi lililomo kwenye mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa haligawiwi kwa neno la mwenyekiti wa mtaa, wala la diwani, wala kwa saini ya ofisa mmoja aliyekaa mezani. Linaweza kubadilishwa, sheria haijaziba mlango huo kabisa. Lakini mabadiliko hayo yana njia yake, na kila hatua ya njia hiyo huacha karatasi kwenye jalada. Kazi yenu kubwa kwa sasa ni kuzidai karatasi hizo, kwa maandishi, na kwa haraka.

Kabla ya yote, nakuomba uhakikishe jambo ambalo wakazi wengi hulichukulia kama limeshajulikana: je, hilo eneo kweli ni la wazi kisheria? Hapa Dodoma kuna ardhi nyingi iliyokaa tupu miaka ishirini au thelathini, watoto wakakulia humo, kumbe kwenye ramani ni kiwanja cha zahanati, cha shule ya awali, cha msikiti au kanisa, au hata kiwanja cha mtu aliyepewa zamani akashindwa kujenga. Ukubwa wa eneo na mazoea ya mtaa havitoshi kukupa jibu. Jibu liko kwenye mchoro.

Na watu huchanganya karatasi tatu tofauti. Mchoro wa mipangomiji ndio unaosema ardhi hii itatumikaje: makazi, biashara, shule, barabara, wazi. Ramani ya upimaji inasema mipaka iko wapi na bikoni zenye namba gani zimewekwa. Hati inasema nani amemilikishwa, kwa miaka mingapi na kwa matumizi gani. Zinatakiwa kufuatana kwa mpangilio huo. Mchoro huidhinishwa kwanza, upimaji unaufuata, hati inakuja mwisho. Kwa hiyo ukiona bikoni, ujue umeiona hatua ya pili, na una kila haki ya kuuliza ya kwanza iko wapi.

Ukifika idara ya mipangomiji ya Jiji, omba kuonyeshwa mchoro wa kitalu chenu. Taja jina la eneo, na namba ya kiwanja chako na kitalu kama ilivyo kwenye hati yako, maana kwa hizo ndipo watakapoupata. Ukishakunjuliwa mezani, usianze kutafuta nyumba yako. Angalia kwanza kisanduku cha maelezo pembeni: namba ya mchoro, tarehe, saini na muhuri wa aliyeuidhinisha. Soma ufunguo wa rangi. Kwa kawaida maeneo ya wazi hupakwa kijani. Kisha uliza swali moja: je, huu ndio mchoro unaotumika sasa, au kuna mwingine uliourekebisha? Kama upo wa marekebisho, nao una namba yake na tarehe yake. Ziandike zote kwenye daftari ukiwa palepale. Mchoro usio na saini wala muhuri ni rasimu, hata kama umechapishwa kwa rangi nzuri kiasi gani.

Swali hilo la marekebisho lina uzito wa pekee kwa Dodoma kwa sababu ya historia yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango kabambe wa kwanza, yaani mpango mkuu wa mji mzima, ulioandaliwa na kampuni ya wapangaji kutoka Toronto, Kanada, ulikamilika mwaka 1976. Kwa zaidi ya miaka arobaini CDA ndiyo iliyopanga, ikapima, ikagawa na kusimamia ujenzi, na wenye viwanja walipewa umiliki wa miaka 33 chini yake. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, na kazi zake zikahamia Manispaa ya Dodoma. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji, na baadaye ukaja mpango kabambe mpya wa 2019 hadi 2039. Kwa hiyo mtaa kama wenu unaweza kuwa na mchoro wa zamani wa CDA, marekebisho yaliyofanywa na CDA yenyewe, na mengine yaliyofanywa baada ya 2017. Yapo yaliyopita njia sahihi kabisa bila wakazi wa leo kujua. Ndiyo maana sikuambii uanze kwa kumtuhumu mtu.

Sasa, kwa nini wapangaji wa mwanzo waliacha nafasi katikati ya nyumba? Waliujenga mpango wao kuanzia nyumba kumi, zikakusanywa kuwa vitongoji, na kila kitongoji kikapewa shule, soko dogo na sehemu ya kupumulia ambayo mtoto angeifikia kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Hilo ni la kijamii, na wengi wanalielewa. Sababu ya pili ni ya maji, na hiyo ndiyo inayosahaulika kila mara.

Mvua za Dodoma ni chache kwa mwaka, lakini zikija, zinakuja kwa fujo kati ya Desemba na Aprili, juu ya ardhi iliyokauka na ngumu isiyomeza maji upesi. Maji yanateremka kutoka milimani na kutafuta makorongo. Sehemu nyingi ambazo mchoro umeziacha kijani ni njia ya maji hayo, au mahali pa kuyapunguza kasi kabla hayajafika kwenye nyumba. Nenda mkaangalie eneo lenu kwa jicho hilo. Je, lina mwinamo? Upande wa chini kuna mchanga uliokusanyika, au mfereji mdogo uliojichimba wenyewe? Kalavati la barabara ya jirani linamwaga maji yake wapi? Mkiona maji ya mtaa wa juu yanapita hapo, pigeni picha na muandike, kwa sababu fremu za maduka zitakazojengwa hapo zitageuka ukuta, na maji yataingia kwenye nyumba za watu ambao hawakuulizwa lolote. Na kama pembeni kuna mto au korongo lenye sifa ya mto, hata la msimu, ulizeni pia kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto. Kwa uzoefu wangu hoja ya maji hupewa uzito kuliko hoja ya mpira wa watoto. Nasikitika kuisema hivyo, kwa sababu watoto nao wana haki ya kucheza, lakini nataka mshinde.

Turudi kwenye maneno ya mwenyekiti, kwamba eneo "limeshabadilishwa matumizi". Hapo nimesimama kidogo. Maombi ya kubadilisha matumizi huletwa na mwenye kiwanja kuhusu kiwanja chake: ana nyumba ya kuishi, anataka iwe hoteli au duka, anaomba kwa Jiji, tangazo linatolewa ili majirani waweke pingamizi, kamati inajadili, ndipo uamuzi unatolewa. Eneo la wazi halina mwenye hati binafsi. Aliomba nani? Kuna majibu mawili tu yanayoingia akilini. Ama Jiji, likiwa mamlaka ya upangaji, limerekebisha mchoro wenyewe na kuzalisha kiwanja kipya cha biashara. Ama huyo mtu tayari alikuwa na kiwanja hapo tangu zamani, na nyinyi mlikuwa mnakitumia bila kujua. Muulizeni mwenyekiti kwa heshima ni lipi kati ya hayo mawili. Kama hajui, basi alichowaambia amekisikia tu.

Na mwenyekiti mwenyewe nisimwonee. Amechaguliwa na watu wa mtaa, anashuhudia mambo mengi, lakini ardhi iliyopimwa mjini hana mamlaka ya kuigawa wala kuibadilisha. Muhuri wake kwenye karatasi ya mauziano haumpi mtu ardhi ya umma. Chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri, kwa hapa Jiji. Suala kama lenu huanzia kwa wataalamu wa idara, linakwenda kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ambamo madiwani wamo, kisha Baraza la Madiwani. Mchoro uliorekebishwa hauanzi kutumika mpaka uidhinishwe upande wa wizara ya ardhi, kwa Mkurugenzi wa Mipangomiji au ofisa aliyekasimiwa mamlaka yake. Huko kote kuna mihutasari. Diwani wenu ana uwezo wa kuiona ya kamati, na kama jambo lilipita mbele ya macho yake anapaswa kuwaeleza lilipita lini na yeye alisema nini. Vikao vya kawaida vya Baraza, vinavyofanyika kila robo mwaka, wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Nendeni hata watano tu, mkae nyuma.

Mnachotakiwa kuandika si malalamiko marefu. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi wa Jiji. Tajeni eneo na namba za viwanja vinavyolizunguka, namba za bikoni kama zinasomeka, na tarehe zilipochimbiwa. Kisha ombeni vitu vinne: nakala ya mchoro unaotumika, nakala ya mchoro wa marekebisho (kama upo) pamoja na barua ya kuuidhinisha, muhtasari wa kikao cha kamati kilichojadili, na taarifa kama kibali cha ujenzi kimetolewa, kwa nani na kwa jengo gani. Mwishoni ombeni shughuli zote zisimamishwe mpaka mtakapojibiwa. Andikeni wazi kwamba mnaomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, na ukiitaja jina barua haibaki kuwa ombi la hisani. Nakala ziende kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa Mkoa, kwa Mkuu wa Wilaya, kwa mtendaji wa kata na kwa diwani. Pelekeni kwa mkono na mrudi na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri huo itawawia vigumu kuthibitisha kwamba ilifika.

Pamoja na barua, itisheni mkutano wa mtaa. Ajenda iwe moja, mtendaji wa mtaa aandike muhtasari, watu wasaini majina na namba za nyumba zao. Wazee waliohamia mwanzoni waeleze eneo limetumikaje tangu mwaka gani, na maelezo hayo yaandikwe humohumo. Msikubali mkutano ugeuke wa kumsema huyo mwenye fremu. Inawezekana kabisa naye amelipa fedha zake halali kwenye akaunti ya serikali, akaamini alichoelekezwa, na yeye pia anahitaji kujua mapema kwamba eneo lina mgogoro. Muiteni aje na karatasi zake. Kama zipo, mtaokoa muda wa wote.

Bikoni msizing'oe. Najua hasira inavyokuwa, na najua vijana wa mtaa wakiachwa watazing'oa usiku mmoja. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa la jinai, na siku hiyohiyo mgogoro wenu wa ardhi utageuka kesi ya polisi dhidi ya mtoto wa jirani, huku jalada la eneo likiendelea na safari yake taratibu.

Akianza kujenga kabla hamjajibiwa, nendeni moja kwa moja kwenye kitengo cha udhibiti wa ujenzi cha Jiji na muulize kibali. Mjini hakuna jengo linaloruhusiwa kuanza bila kibali cha ujenzi, hata kama mwenye kiwanja ana hati, na kibali hakitolewi kwa matumizi yanayopingana na mchoro. Wakikuta hana, watampa notisi na kuandika kwa rangi nyekundu "simamisha ujenzi". Hapo ndipo haraka yenu itakapolipa. Kusimamisha msingi ni rahisi. Fremu kumi zenye wapangaji na mita za umeme zinahitaji moyo mgumu kuzibomoa, na sijaona viongozi wengi wenye moyo huo.

Mahakamani je? Panawezekana, lakini mjue ugumu wake mapema. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 ni lazima Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe na kesi iende Mahakama Kuu. Baraza la kata halitawasaidia kwa hili. Tangu 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu. Siku 90 zinatosha kabisa kuinua jengo. Ndiyo maana mawakili, wakati notisi bado inahesabiwa, huomba Mahakama Kuu itoe zuio la muda, na mahakama huweza kulitoa ikiridhika kwamba madhara hayatarekebishika. Kwa ombi kama hilo, barua zenu zenye mihuri, muhtasari na picha za maji ndizo ushahidi. Mkifikia huko, mtafuteni wakili. Wasio na uwezo wana haki ya kuomba msaada wa kisheria. Na kwa kuwa nyinyi ni wengi, mtahitaji kibali cha mahakama ili wachache wawakilishe wote.

Itawezekana pia, mwanangu, mkapewa karatasi zote na zikawa safi. Mchoro umerekebishwa, kamati ilikaa, wizara imeidhinisha. Ukifika hapo usiseme basi. Ulizeni wakazi walishirikishwa wapi, maana upangaji wa kisheria unataka wanaoguswa wasikilizwe. Na ulizeni eneo mbadala liko wapi. Idadi ya watu wa Dodoma mjini ilikuwa 410,956 kwenye sensa ya 2012, ikafika 765,179 kwenye sensa ya 2022. Jiji linabanwa kutafuta ardhi ya huduma na ya biashara, na viwanja vimekuwa chanzo kikubwa cha mapato yake. Wataalamu waliomo ofisini nawaelewa, nimekaa kwenye viti hivyo. Lakini ongezeko hilohilo la watu ndilo linalofanya nafasi zilizobaki ziwe za lazima zaidi kuliko zilivyokuwa mwaka 1976. Eneo jipya pembezoni, Nala au Hombolo, unaweza kulipanga upya ukalipatia uwanja. Kwenye mtaa uliokwisha jaa nyumba, uwanja ukiondoka haurudi, isipokuwa uvunje nyumba za watu na kuwalipa fidia. Hilo nalisema kwa wenzangu wa idara kama ninavyolisema kwako.

Kuna njia ya katikati ambayo mnaweza kuipendekeza nyinyi wenyewe kwenye barua ya pili, kama ya kwanza itajibiwa kwa nia njema: fremu zichukue ukanda mwembamba upande wa barabara, sehemu kubwa ibaki wazi, ipimwe rasmi kama eneo la wazi na iwekewe bikoni zake, chini ya uangalizi wa kamati ya mtaa kwa makubaliano ya maandishi na Jiji. Wapo watakaokukasirikia kwa kuitaja. Mimi ningeikubali kama njia ya maji haiguswi, na ningeikataa papo hapo kama inaguswa.

Kuhusu miti. Kisheria, kupanda miti hakuwapi umiliki na hakufuti hati ya mtu, kwa hiyo msiifanye kuwa silaha, hasa wakati huu ambapo mgogoro uko mezani. Mnaweza kuambiwa mmevamia kiwanja cha watu. Lakini mkishapata jibu kwamba eneo ni la wazi, pandeni, tena kwa barua ya kuomba ridhaa ya idara ya mazingira, kwa sababu eneo linaloonekana linatunzwa halimjii mtu kirahisi kichwani anapotafuta pa kuchora kiwanja. Mwarobaini unavumilia ukame wetu na vumbi letu. Msipande kwenye njia ya maji wala katikati panapochezewa; zungusheni pembezoni. Chimbeni mashimo mapema, mpande mvua za Desemba zikishashika, na kila mche uwe na nyumba inayoumwagilia kuanzia Mei, maana hapo ndipo miche mingi ya Dodoma hufa.